Habari za Wauguzi Wadogo Waliotunza Watoto wa Kibera na Silanga

Wazee wetu na wanachama wote, desturi ya kitabu hiki cha taarifa ni kueleza mapato na matumizi ya mwaka. Lakini katika mkutano wetu liliulizwa swali ambalo halikujibiwa vema. Kwa nini fedha za chama zinunue sabuni, glavu na chakula cha mchana kwa muuguzi msaidizi azungukaye katika shule zetu ndogo, hali serikali imekwisha kuweka wahamasishaji wa afya ya jamii? Aliyeuliza hakukosea, maana mfuko wetu ni mdogo. Basi tumeona yafaa kuandika habari ya kazi hii tangu mwanzo, ili shauri likatwe na watu wanaoijua.

Nchi hii ya Kibera ilitengwa mwaka 1904 iwe uwanja wa mazoezi wa askari wa King's African Rifles. Wazee wa Kinubi waliotumikia jeshi hilo walikaa humo na jamaa zao, wakapaita Kibra, yaani msituni. Hospitali zilikuwa mbali. Ile iliyoanzishwa mjini mwaka 1901 kwa ajili ya Waafrika, ambayo leo ni Hospitali ya Kenyatta, ilikuwa ya wagonjwa waliokwisha kulemewa. Nyumba ya wazazi iliyojengwa katika miaka ya 1920 kwa jina la Lady Grigg ilikuwa Pumwani, na mama wa Kibera hakufika huko ila kwa kuukata mji mzima. Kijiji chetu cha Silanga kimepakana na bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Maji yale yaliyokusudiwa kuwa akiba ya mji yaliingiwa na taka, na watoto wakacheza kando yake.

Sasa tuje kwa wauguzi wenyewe. Uingereza ilianza mwaka 1943 kuwa na orodha ya pili ya wauguzi, chini ya wale waliosajiliwa, nasi tukaurithi mpango huo wa madaraja mawili. Katika Kenya muuguzi wa daraja la chini ndiye aliyekuwa karibu na watu. Baada ya Uhuru alifundishwa uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja, ili aliyemzalisha mama aweze pia kumchanja mtoto na kuingia nyumbani kutazama maji ya kunywa. Mwaka 1965 matibabu ya nje yalifanywa bure. Mwaka 1980 ukaanzishwa mpango wa taifa wa chanjo, na mama akajua kuitunza kadi ya mtoto kama atunzavyo risiti ya kodi ya nyumba.

Desemba 1989 ada zilirudishwa. Ziliondolewa kwa muda mwaka uliofuata, kisha zikarejea. Wengi wetu twakumbuka jinsi mtoto mwenye kikohozi alivyongojeshwa nyumbani hadi baba apate kibarua, na wakati mwingine kibarua kilichelewa kuliko ugonjwa.

Katika hali hiyo alitokea Tabitha Atieno Festo, na hapa twaomba ruhusa tukae kidogo. Alikuwa muuguzi asiye na kazi. Mwaka 2000 alimwomba kijana Mmarekani, Rye Barcott, kiasi cha shilingi 2,000 aanze biashara ya mboga. Watu wengi wameomba mtaji hapa Kibera, na si wote tuliosikia habari zao tena. Yeye aliuza mboga, akaweka faida, kisha akafungua zahanati ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwaka 2001 wawili hao pamoja na Salim Mohamed walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Tabitha alifariki mwaka 2004, na zahanati ikaitwa kwa jina lake. Huku kwetu Silanga watu wa Médecins Sans Frontières walikuwa na kliniki. Mwaka 2017 shirika hilo lilikabidhi kituo cha Kibera South kwa serikali ya kaunti.

Wakati huo daraja la chini lilikuwa likipandishwa. Mwaka 2005 AMREF ilianza mafunzo kwa njia ya kompyuta, yaliyokusudia kuwapandisha wauguzi 22,000 wafikie kusajiliwa. Ni jambo jema, wala hatumwonei mtu wivu kwa cheti. Ila aliyepanda cheo mara nyingi huketi mezani, na njia za Silanga zabaki zikingoja wa kuzipita. Uingereza nayo ilikwisha kuliacha daraja lake la pili, kisha Januari 2019 ikaanza kuandikisha wauguzi wasaidizi upya.

Hapa Kenya pengo lilijazwa na watu wa kujitolea chini ya mpango wa mwaka 2006, wengi wao wakifanya kazi miaka mingi bila malipo. Septemba 2023 wapatao 100,000 walipewa mikoba ya kazi, wakaahidiwa posho, na kila mmoja hesabu yake ni nyumba 100.

Twaomba wanachama walitazame neno hilo, nyumba. Mhamasishaji abishapo mlango saa nne asubuhi, mtoto yuko darasani na mama yuko kibaruani. Tena watoto wengi wa Kibera hawasomi katika shule za serikali kama Olympic au Ayany, bali katika vyumba vya mabati ambavyo haviko katika hesabu ya mtu.

Humo ndimo aingiamo msaidizi wetu. Hutazama mapunye kichwani na upele kati ya vidole. Humtambua mtoto anayesogea mbele kwa kuwa haoni ubao. Wadogo wa chini ya miaka 5 huwapima mkono kwa utepe, na upungufu wa sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, hapo hangoji kesho. Huuliza kadi, hasa chanjo ya pili ya surua ya miezi 18, ambayo husahauliwa mama akisharudi kazini. Wasichana wa miaka 10 huwaandika kwa ajili ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini Oktoba 2019. Yeye hachomi sindano. Huandika jina, humpeleka mtoto kituoni, na juma la pili hurudi kuuliza kama alifika.

Daftari lake liko ofisini kwetu. Mwanachama apendaye kulisoma kabla ya kupiga kura aje siku yoyote ya kazi, nasi tutamwonyesha.