Mbogani na Jericho: Nyumba ya Mwandishi na Suala la Makao

Mkazi wa Jericho, mashariki mwa Nairobi, asemapo kwamba anakwenda nyumbani, aghalabu hakusudii chumba anachokipanga. Hukusudia mashambani alikozaliwa yeye au babaye. Kiambishi hicho kifupi kimebeba historia nzito. Utawala wa kikoloni ulimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia. Hata Jericho, iliyojengwa utawala huo ukikaribia kikomo, ilikuwa mali ya Baraza la Jiji, na mkazi wake mpangaji.

Yafaa jambo hili likumbukwe na mwanafunzi wa fasihi atokaye huko kuzuru Mbogani, nyumba ya Karen Blixen karibu na Milima ya Ngong. Blixen aliishi humo tangu 1917 hadi 1931, kilimo chake cha kahawa kilipofilisika. Baadaye serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuikabidhi Kenya huru. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kuta za mawe na baraza vingalipo. Mgeni na atahadhari, hata hivyo: baadhi ya vyombo vilivyomo vilitengenezewa filamu ya 1985, wala havikuwa vya mwandishi.

Kilichotoweka ni shamba lenyewe, takriban ekari 6,000, ambamo familia za Wagikuyu ziliishi kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kila mwaka. Lilipouzwa, iliwabidi wahame. Kwa haki yake isemwe kwamba Blixen aliwapigania hadi wakatengewa ardhi pamoja huko Dagoretti. Lakini wema huo haufuti namna alivyowachora watu hao katika maandishi yake, namna ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliishutumu vikali katika *Moving the Centre* (1993). Kamante, aliyekuwa mpishi wake, naye alisimulia ya kwake. Masimulizi hayo yalichapishwa na Peter Beard mwaka 1975, na yastahili kusomwa kabla ya ziara, si baada yake. Nyumba iliyohifadhiwa ni ya yule aliyekuwa na hati ya ardhi.

Si mbali na Jericho kuna mtaa wa Mbotela. Jina hilo ni la ukoo wa Frere Town uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* (1934). Mtaa, hata hivyo, haukuitwa hivyo kwa ajili ya kitabu, bali kwa kumbukumbu ya Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952. Wapangaji hulitaja jina hilo kila siku wapandapo matatu.