Jiwe, Karatasi na Mkono wa Pamela

Mchezaji wa karata wa barazani, anapotupa kopa juu ya mkeka au anapoangusha shupaza kwa kishindo, hutamka maneno ya Kireno bila ya kujali. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni magongo. Jicho linaona moyo mwekundu, ulimi unataja kikombe. Majina hayo ni ya karata za kale za Ulaya ya kusini, na alama zenyewe, yaani vikombe, sarafu, panga na magongo, zingali zimo katika jozi ya taroti, yenye karata 78 badala ya 52. Taroti ilianza Italia katika karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo. Kuipigia ramli kulizuka Ufaransa katika karne ya 18. La ramli waachiwe wenyewe. Lililo na kisa hapa ni karatasi.

Tarehe 19 Novemba 1909, mchoraji Pamela Colman Smith, aliyekuwa London, alimwandikia barua mpiga picha Alfred Stieglitz wa New York, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemfanyia maonyesho ya michoro yake. Alimwarifu kwamba amemaliza kazi kubwa kwa ujira mdogo mno: michoro 80 ya karata za taroti. Akaahidi kumpelekea jozi moja itakapotoka, iliyopigwa chapa ya rangi kwa lithografia. Na ndani ya mabano akaongeza kuwa yumkini itachapwa vibaya sana.

Hayo hayakuwa maneno ya mtu asiyeujua uchapaji. Pamela alizaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi Wamarekani, na sehemu ya utoto wake aliipitisha katika kisiwa cha Jamaika. Huko alizisikia hadithi za Anansi, buibui mjanja ambaye msomaji wa pwani atamtambua mara moja kuwa ni ndugu wa Sungura; akazichapisha New York mwaka 1899. Mwaka 1903 alianzisha jarida lake mwenyewe, The Green Sheaf, la mashairi na michoro, ambamo W. B. Yeats naye aliandika. Picha zake zilitiwa rangi kwa mkono. Jarida lilitoa matoleo 13, likakoma mwaka 1904, na kila aliyewahi kuhariri jarida la mashairi hahitaji kuambiwa sababu. Lakini katika matoleo yale 13, rangi iliyomfikia msomaji ilikuwa ni rangi aliyoitaka mchoraji.

Kwa taroti mambo yalikuwa mengine. Kazi aliagizwa na Arthur Edward Waite, na mchapishaji alikuwa William Rider & Son. Katika lithografia ya zama hizo, mchoro ulihamishiwa juu ya jiwe na kila rangi ikapewa jiwe lake. Aghalabu mkono wa fundi ndio uliosimama baina ya mchoraji na karatasi. Ndiyo maana machapisho ya mwanzo ya karata hizo hayafanani mstari kwa mstari. Katika baadhi yake, karata ya Jua ina mstari uliopindapinda kando ya namba XIX. Katika mengine mstari huo haupo, na wakusanyaji wa karata hutambulia kwao toleo.

Ikumbukwe pia kwamba karata haina uhuru wa picha ya ukutani. Uso wake hunena, lakini mgongo wake lazima uwe bubu. Taa ikipenya na kuonyesha kivuli cha upande wa pili, mchezo umekwisha. Kwa hiyo mafundi wa kale waligandisha karatasi kadhaa pamoja, na hadi leo kadi bora huwa na gundi nyeusi katikati ya matabaka yake, isiyopitisha mwanga. Anayechapa jozi yake mwenyewe kwa fedha zake hukutana na mizani ile ile. Kadi ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba hujipinda mkononi na kurudi; nzito zaidi huonekana ya fahari, ila hesabu haina huruma. Karata 78 zenye unene wa milimita 0.3 ni rundo la milimita 23. Zikiwa za milimita 0.4 linafika 31, na mkono mdogo hauwezi tena kulichanganya. Plastiki ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa machoni na karata zikagandamana. Uso wenye alama kama za mfumo wa kitani huacha hewa ipite, zikateleza. Na rangi ya kwenye kompyuta ni mwanga, ya kwenye karatasi ni wino, basi ni ujasiri wa bure kuagiza jozi 500 kabla ya kuishika moja ya majaribio. Anayebana fedha na abane katika sanduku, si katika karatasi. Paul Foster Case wa Marekani aliikwepa shida ya rangi kwa namna yake: karata zake zilitolewa bila rangi, kila mwenye nazo azitie mwenyewe.

Pamela hakuwa na nafasi ya kukwepa. Alifariki mwaka 1951 huko Bude, Cornwall, akiwa na madeni, na vitu vyake vikauzwa kuyalipa. Michoro yake ya asili ya taroti haijapatikana. Mwaka 2009, karata zilipotimiza miaka 100, lilitolewa toleo la kumbukumbu lenye jina lake, nalo lilinakiliwa kutoka kwenye karata kuukuu zilizochapwa. Hapakuwa na kingine cha kunakili, isipokuwa ile ile lithografia aliyoitilia shaka ndani ya mabano.