Sushi: Wali Kabla ya Samaki

Sushi ikitajwa, wengi huwaza samaki mbichi. Historia yake inasema vingine. Kwa karne nyingi sushi ilikuwa njia ya kumhifadhi samaki asioze, na kazi hiyo ilifanywa na wali.

Kandokando ya Ziwa Biwa, mkoani Shiga nchini Japani, njia hiyo ya kale ingalipo. Samaki wa ziwani hutolewa matumbo, hushindiliwa chumvi kwa miezi, kisha huoshwa na kupangwa ndani ya pipa: tabaka la wali, tabaka la samaki, na juu kabisa mawe mazito. Wali huchachuka, asidi yake humwingia samaki, na vijidudu vya kuozesha hushindwa kuishi humo. Pipa hufunguliwa baada ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Sushi hiyo, funazushi, ni kali na harufu yake hupanda puani. Zamani samaki akishaliwa, wali ulitupwa. Sheria za Japani zilizoandikwa mwaka 718 tayari ziliitaja sushi miongoni mwa vitu vya kulipia kodi.

Siki ndiyo iliyoikatisha subira hiyo. Jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, lilijaa mafundi, vibarua na wachuuzi wasio na mwaka wa kungoja pipa. Ukichanganya wali na siki, ukali unaupata papo hapo. Mwaka 1804 Nakano Matazaemon, mtengenezaji wa pombe wa mji wa Handa, alianza kutengeneza siki kwa machicha ya sake, yaani pombe ya mchele, na siki hiyo ya bei nafuu ikapata soko kubwa Edo.

Katika miaka ya 1820, mpishi Hanaya Yohei wa mtaa wa Ryogoku alijipatia jina kwa nigiri: tonge la wali wenye siki, lililofinyangwa kwa mkono na kuwekewa samaki juu. Tonge la enzi hizo lilikuwa kubwa kuliko la leo, hata mara mbili, na vibandani mteja alilila amesimama, akaenda zake. Majokofu hayakuwapo. Kwa hiyo samaki walichemshwa, walitiwa chumvi na siki, au walilowekwa kwenye mchuzi wa soya. Nyama ya tumbo la jodari, iliyojaa mafuta na ambayo leo huuzwa kwa bei ya juu, ilidharauliwa kwa sababu iliharibika upesi.

Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliibomoa Tokyo, wapishi wengi wakarudi makwao na ufundi wao, na nigiri ikaenea mikoani. Kisha ikaja njaa ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1947 serikali ilipofunga migahawa ili kubana chakula, wauza sushi wa Tokyo walipata ruhusa ya aina yake: mteja alileta mchele wake, kipimo kimoja cha mililita 180, akalipia ufundi na kupewa vipande 10. Kipimo hicho cha shida kilichangia sana kuifanya nigiri iwe ndogo kama tunavyoiona sasa.

Mengine yalikuja kwa kasi. Mwaka 1958 Shiraishi Yoshiaki alifungua karibu na Osaka mgahawa ambamo sahani huzunguka mbele ya wateja juu ya mkanda, wazo alilolipata kiwandani, kwenye mitambo ya chupa za bia. Salmoni mbichi, anayependwa sana leo, alisukumwa kwenye soko la Japani na Wanorwei katika miaka ya 1980.

Kwa hiyo anayetafuta sushi nzuri aanze na wali. Uwe na uvuguvugu wa mwili, ushikane mkononi na kuachana mdomoni, na siki isikike bila kumfunika samaki. Wali uliotoka baridi kwenye jokofu ni dalili mbaya, hata samaki awe mzuri vipi. Nyumbani, pishori haifai, kwa kuwa sifa yake ni kuchambuka. Tafuta mchele mfupi wa Kijapani. Samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Kisha weka vijiti kando ukipenda: hata Japani nigiri huliwa kwa mkono.