Kadi ya video kwa asiyeona: ni ya nini hasa?

Swali hili huulizwa sana kwenye maduka ya kompyuta, tena kwa kicheko: mtu asiyeona ana haja gani na kadi ya video? Kwani ataona picha? Jamani, tupunguze kicheko. Kifaa hiki kiliwahi kumfungulia asiyeona mlango wa ofisi, kisha karibu kimfungie. Turudi nyuma kidogo.

IBM PC ilipotoka mwaka 1981, kazi nyingi zilifanywa kwenye skrini ya maandishi matupu: safu 80 kwa mistari 25. Kila herufi ilikaa kwenye kumbukumbu ya kadi ya video kwa baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na nyingine ya rangi yake. Piga hesabu: 80 × 25 × 2 = baiti 4,000. Kwenye kadi ya CGA, baiti hizo zilianzia anwani B8000, na programu yoyote ya DOS iliweza kuchungulia humo bila kubisha hodi.

Umeiona siri? Kadi ilikuwa inatunza maandishi, si picha. Kisoma skrini kilichota herufi zile na kuzipeleka kwenye kifaa cha sauti. Katika miaka hiyo ya 1980, Jim Thatcher na wenzake pale IBM walitengeneza kisoma skrini cha mapema, na mwaka 1989 ikaja JAWS ya DOS. Mwanzilishi wake, Ted Henter, alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, kisha akasomea uprogramu.

Halafu yakaja madirisha na kipanya. Sasa kadi ya video haikutunza tena herufi A. Ilitunza vinukta vilivyopangwa vikafanana na A. Mwenye macho hakuona tatizo. Kisoma skrini nacho kikachungulia kumbukumbu ileile na kukuta bahari ya vinukta, hakuna neno hata moja. Kadiri ofisi za Marekani zilivyohamia Windows, ndivyo wafanyakazi wasioona waliokuwa wakichapa kazi kwa DOS walivyoanza kuhofia vibarua vyao. Ilikuwa hofu ya haki kabisa.

Suluhisho la kwanza lilitoka upande wa Macintosh. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa outSPOKEN. Ujanja wake ulikuwa huu: kabla neno halijageuka vinukta, lazima programu itoe amri, "chora neno Fungua mahali hapa." Basi inase amri hiyo njiani, na ujijengee ramani yako ya maneno pembeni. JAWS ya Windows, iliyotoka mwaka 1995, ilifuata wazo hilohilo kwa kukaa katikati ya Windows na draiva ya kadi ya video.

Ujanja huo ulikuwa na gharama. Ukibadilisha kadi, au ukisasisha draiva yake tu, kisoma skrini kingeweza kunyamaza kabisa. Na kwa asiyeona, kunyamaza ni sawa na skrini yako kuwa nyeusi tii: hadi umtafute mwenye macho aje akusaidie.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuacha kupeleleza. Mwaka 1997 Microsoft ilileta Active Accessibility, njia ambayo programu yenyewe hujitambulisha: "mimi ni kitufe, jina langu Hifadhi." NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kiliegemea sana njia hii. Na huja na sauti ya eSpeak, inayosoma hata Kiswahili. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mlango wa zile draiva za kunasa uchoraji ulikuwa umebanwa sana.

Na michezo je? Hapa shida ya vinukta ingali hai, kwa sababu michezo mingi huchora menyu zake yenyewe moja kwa moja kupitia kadi ya video, na kisoma skrini hakiambulii kitu. Wapo waliokata shauri mapema: mwaka 1997 Kenji Eno wa Japani alitoa Real Sound kwenye Sega Saturn, mchezo unaochezwa kwa sauti bila picha. Mwaka 2020, The Last of Us Part II ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, ikiwemo menyu zinazosomwa na ishara za sauti za kumwongoza mchezaji asiyeona.

Sasa tujibu swali la dukani. Kwa kazi za ofisi, michoro iliyojengwa ndani ya prosesa inatosha. Pesa za kadi zipeleke kwenye RAM, SSD na vipokea sauti vizuri. Kwa michezo mikubwa ya siku hizi, kadi huweza kuhitajika kwa sababu baadhi ya michezo hukataa kuanza bila hiyo, ila hakuna haja ya kulipia ubora wa juu wa picha. Na kama unataka modeli za kueleza picha zifanye kazi kwenye mashine yako mwenyewe, kadi hiyohiyo ndiyo hupiga hesabu zake. Kifaa kilichogeuza maneno kuwa vinukta leo kinasaidia kugeuza vinukta kuwa maneno!

Kwenu waprogramu wenzangu: kitufe mlichokichora bila kukipa jina kinamrudisha mtu miaka ya mwanzo ya 1990. Pakueni NVDA, zimeni skrini, mjaribu programu zenu kwa kibodi peke yake. Dakika kumi zinatosha kuwaonyesha pa kurekebisha.