Kizibao cha hewa kwa wapanda farasi: Kinavyofanya kazi na pale kisipoweza kukuokoa

Farasi mkubwa wa kupandwa ana uzito wa kilo 450 hadi 600. Ukikaa mgongoni mwake, kichwa chako kiko juu zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Farasi wa mbio akishika kasi hupita kilomita 60 kwa saa.

Ukidondoka hapo, hatari ni tatu: kugonga ardhi, kupigwa kwato, au farasi mwenyewe kukuangukia.

Ndiyo maana siku hizi utaona wapanda farasi wengi wamevaa vizibao viwili kwa mpigo. Cha ndani ni cha sponji ngumu. Cha nje ni cha hewa, kinachojaa chenyewe mtu anapoanguka, kama ile mifuko ya hewa ya kwenye gari.

Je, vinatofautiana vipi? Na kwa nini bado kuna watu wanaoumia wakiwa wamevivaa?

Kizibao cha sponji: kinga isiyohitaji kuwashwa

Hiki ndicho cha msingi. Kimetengenezwa kwa vipande vya sponji nzito inayofunika kifua, mbavu na mgongo. Ukigonga kitu, sponji inabonyea na kusambaza ule mshindo eneo kubwa, badala ya wote kuishia kwenye ubavu mmoja.

Uzuri wake ni kwamba hakina kamba wala gesi. Ukishakivaa, kinakulinda tangu unapomtoa farasi bandani mpaka unapomrudisha. Hilo ni muhimu, kwa sababu si kila ajali hutokea ukiwa juu ya tandiko. Wengine hupigwa teke wakiwa wamesimama chini, wanamsafisha farasi au wanamfunga.

Barani Ulaya vizibao hivi hupimwa kwa kiwango kinachoitwa EN 13158, chenye ngazi tatu:

• Ngazi ya 1: vyepesi, kwa ajili ya wapanda farasi wa mbio.
• Ngazi ya 2: kwa shughuli zenye hatari ndogo.
• Ngazi ya 3: kinga kubwa zaidi, ndiyo inayoshauriwa kwa upandaji wa kawaida, kuruka vizuizi na kufanya kazi na farasi.

Ngazi hiyo huandikwa kwenye lebo iliyoshonwa ndani. Kizibao kisicho na lebo ya kiwango chochote, hata kama ni kizuri kwa macho, huwezi kujua kitabeba mshindo kiasi gani.

Kizibao cha hewa: kinajaa kabla hujafika chini

Kwa macho kinafanana na kizibao cha kawaida chembamba. Ndani kina mifuko mitupu, na mbele kuna kichupa kidogo cha gesi ya kaboni dayoksaidi. Kamba fupi inakiunganisha na tandiko.

Ukiachana na tandiko, mambo yanakwenda hivi:

1. Kamba inakazika na kuvutwa kwa nguvu.
2. Springi inaachia na pini inatoboa kichupa.
3. Gesi inajaa kwenye mifuko kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde.
4. Kizibao kinakaza kifua, mbavu na mgongo. Vingi vina pia mfuko unaozunguka shingo na mwingine unaofika kiunoni.
5. Baada ya muda mfupi gesi inaanza kutoka taratibu na unaweza kupumua vizuri.

Je, muda huo unatosha? Piga hesabu. Kitu kinachodondoka kutoka mita 2 huchukua kama sekunde 0.6 kufika chini. Kwa hiyo kama kamba imevutwa mapema, kizibao kinakuwa kimeshajaa kabla ya mgongo kugusa ardhi.

Wazo hili lilianzia kwenye pikipiki. Wajapani waliuza majaketi ya hewa ya Hit-Air kwa waendesha pikipiki, kisha watu wa farasi wakaona yanawafaa. Kwenye pikipiki nako hayakuachwa: tangu 2018 madereva wote wa MotoGP wanalazimika kuvaa suti zenye mfuko wa hewa.

Ajali iliyovipa umaarufu

Aprili 2010, Muingereza Oliver Townend alikuwa akishindana Kentucky, Marekani, katika mchezo wa farasi wa siku tatu. Sehemu ngumu zaidi ya mchezo huo ni mbio za nyikani, ambapo farasi huruka magogo, mitaro na maji. Vikwazo hivyo vimekazwa imara. Farasi akivigonga, yeye ndiye anayeweza kupinduka.

Ndivyo ilivyokuwa. Farasi wa Townend alianguka, na yeye akabaki chini. Alivunjika mifupa lakini akanusurika, na baadaye alisema kizibao cha hewa alichovaa ndicho kilichomsaidia. Alirudi mashindanoni na miaka iliyofuata akafikia nafasi ya kwanza duniani.

Habari hiyo ilienea haraka. Leo katika mbio hizo ni kawaida kuona karibu kila mtu amening'iniza kamba kwenye tandiko.

Lakini utafiti umetia breki

Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maanguko zaidi ya 1,800 katika mashindano ya kimataifa ya mchezo huo, kati ya 2015 na 2017. Wengi wa walioanguka walikuwa na kizibao cha hewa.

Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Waliovaa cha hewa hawakuonekana kuumia kidogo kuliko wengine. Uwezekano wao wa kuumia vibaya au kufa ulikuwa mkubwa kwa kama mara 1.7.

Je, ina maana kizibao ndicho kinachoumiza? Hapana, utafiti haukuthibitisha hivyo. Huenda wanaokivaa ndio wanaokimbia njia ngumu zaidi. Lakini unatuambia jambo moja wazi: usijidanganye kwamba ukishavaa hewa huwezi kuumia.

Kuna pia sababu ya kiufundi. Farasi akipinduka na wewe ukabaki juu yake, hamjaachana. Kamba inabaki imelegea na kizibao kinaweza kuchelewa kujaa, wakati kilo 500 zinakuja juu yako. Hiyo ndiyo aina ya ajali inayoogopwa kuliko zote, na ndiyo ambayo kamba inaweza kushindwa.

Usisahau shingo na kichwa

Wengi wanamkumbuka Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman. Mei 1995 huko Virginia, Marekani, farasi wake aligoma ghafla mbele ya kikwazo. Reeve akatangulia kichwa. Alikuwa amevaa helmeti na kizibao cha kujikinga, lakini alivunjika pingili mbili za juu za shingo. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini mpaka alipofariki 2004.

Kizibao hulinda kiwiliwili. Kichwa ni kazi ya helmeti, na shingo bado haina kinga ya uhakika. Kwa hiyo kama pesa inatosha kitu kimoja tu, anza na helmeti nzuri ya farasi. Ya bodaboda haifai, kwa sababu imepimwa kwa ajali za aina nyingine. Kisha nunua cha sponji. Cha hewa kiwe cha tatu.

Hata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, zinafuata mpango huo. Katika mbio za nyikani kizibao cha sponji ni lazima. Cha hewa ni hiari, na kinavaliwa juu ya cha sponji, si badala yake.

Mambo 7 ya kukagua kabla ya kupanda

1. Kibane bila kukuzuia kupumua. Kizibao kinachocheza mwilini kitapanda juu ukianguka na kuacha mbavu wazi.
2. Ukikaa kwenye tandiko, ncha ya nyuma isiguse tandiko. Ikigusa, itakusukuma juu na kukukaba shingoni.
3. Cha hewa kiachiwe nafasi ya kujaa. Usivae jaketi la kubana juu yake.
4. Funga kamba baada ya kupanda, fungua kabla ya kushuka. Ukisahau kufunga, umevaa kitambaa tu. Ukisahau kufungua, kitalipuka kwa kishindo na farasi anaweza kushtuka.
5. Urefu wa kamba uwe sahihi. Ukisimama kwenye vikuku isikuvute, lakini isiwe ndefu hadi ichelewe.
6. Kichupa kikishatoboka hakitumiki tena. Weka kingine cha ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, kisha hakikisha gesi ya zamani imetoka kabla ya kupanda tena.
7. Kagua sponji baada ya kila anguko. Palipobonyea pasiporudi, hapana kinga tena. Sponji huchoka hata bila ajali, hivyo cha mtumba kikague mara mbili.

Kama unasafiri na kichupa cha gesi kwa ndege, uliza shirika la ndege mapema. Kikizuiliwa uwanjani, utafika na kizibao kisichoweza kujaa.

Vipi huku kwetu?

Farasi si wengi Afrika Mashariki, lakini wapo. Nairobi kuna mbio kwenye uwanja wa Ngong, na Kenya ina pia mchezo wa polo na safari za kitalii za kuangalia wanyama ukiwa juu ya farasi.

Anayekuwa karibu na farasi kila siku ni saisi, yule anayemlisha, anayemsafisha na kumfanyisha mazoezi alfajiri. Mtalii hupanda saa moja, yeye saa nyingi. Helmeti na kizibao cha sponji vinamhusu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hatari ya teke haisubiri siku ya mashindano.

Na wewe ukienda kupanda kwa mara ya kwanza, usione haya kuomba helmeti inayokukaa na kuuliza kama wana kizibao cha saizi yako. Wakikupa cha hewa, waambie wakuonyeshe kamba inafungwa wapi na inafunguliwa vipi kabla hujaweka mguu kwenye kikuku.

Waswahili husema ajali haina kinga. Kweli, hakuna kizibao kitakachomzuia farasi kushtuka. Ila mbavu zina kinga, na kichwa kina kinga. Vivae vyote, halafu panda kama mtu ambaye hajavaa chochote.