Ni Dawa ama Ni Taa?

Zamani picha za hadubini zilikuwa na kero moja: umbo la mwali wa taa lilijitokeza ndani ya picha yenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani August Köhler akapanga lenzi upya, mwanga ukasambaa sawasawa. Poa sana. Lakini mwanga uliosambaa si mwanga uliopimwa. Baadaye zikaja taa za zebaki, ambazo hufifia kadiri zinavyotumika. Sasa fikiria: seli zilizong'aa Januari, Juni zinaonekana hafifu. Dawa imefanya kazi, ama taa imezeeka? Asilimia kwenye skrini haikuambii. Asilimia ya nini? Weka kipima mwanga pale sampuli inapokaa, uandike miliwati, kila mara. Bila hiyo namba, tutasifu dawa kwa sababu ya taa iliyochoka.