Herufi Zenye Miguu Minene: Fani Tusiyoihakiki

Tunapohakiki kazi ya fasihi tumezoea kugawa fani na maudhui. Chini ya fani tunaorodhesha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, basi. Umbo la herufi zenyewe hatuligusi, eti hilo ni la mpiga chapa! Mimi sikubaliani na mgawanyo huo, na historia itanisaidia kuonyesha sababu.

Hebu tuzitazame herufi nene za mabango. Herufi za kawaida za kitabu huishia kwa vijiguu vyembamba. Hizi miguu yake ni minene na ya mraba, karibu sawa na mwili wenyewe. Zilitokea London katika miaka ya 1810. Msubu herufi Vincent Figgins alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuziuza, naye akaziita Antique. Wengine waliziita za Kimisri, kwani tangu Napoleon aivamie Misri mwaka 1798, mambo ya Kimisri yalikuwa fasheni Ulaya. Misri yenyewe wala haikuhusika.

Kwa nini zizaliwe wakati ule? Jibu limo katika uchumi. Viwanda vilizalisha bidhaa tele, na kila mwenye duka au jumba la maigizo alitaka bango lake lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi ya kitabu humnong'oneza msomaji aliyeketi. Hii ilibidi imwite mpita njia. Huko Marekani, Darius Wells alibuni mwaka 1827 mashine ya kuchonga herufi za mbao, na mabango yakazidi kuwa makubwa.

Mwaka 1845 Robert Besley akatoa Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Hii ilipunguza ukali: miguu iliungana na mwili kwa mkunjo laini, ikaweza kukaa ndani ya mstari wa kawaida na kukoleza neno moja tu. Ndiyo maana kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka mwaka 1884, iliitumia kwa vidahizo vyake.

Sasa tufike kwenye hoja. Marekani ya kabla ya 1865, mabango ya kuahidi zawadi kwa atakayemkamata mtumwa mtoro yalichapwa kwa herufi nene za mabango. Lakini mwezi Aprili 1851, wapinga utumwa wa Boston nao walibandika bango la herufi nene, wakiwaonya watu weusi wajihadhari na polisi, ambao walikuwa wakiwakamata watoro. Sauti ni ile ile ya juu. Anayeitwa na anachoambiwa ni tofauti kabisa.

Je, basi herufi haina upande? Wengine watasema hivyo. Mimi naona swali hilo halitoshi. Ukubwa wa sauti hununuliwa: mwenye mtambo na karatasi ndiye hupaza, na mtoro mwenyewe hakuwa na hata herufi moja. Kwa hiyo mhakiki anapolishika bango, au jalada la riwaya, aulize kwanza: nani anapaza sauti hapa, na anamwita nani? Hapo fani na maudhui vitakuwa vimekutana, bwana, hata kabla hatujasoma sentensi ya kwanza.